Pete ya Babu na Mfereji wa Mwenye Karoti

Pete haipotei pale unapogundua kuwa haipo. Inakuwa imeshapotea zamani, mahali pengine, wewe ukiwa unacheka au unapiga picha. Lakini mwili haulijui hilo. Ukishashtuka unainama papo hapo uliposimama, unafukua majani, unageuza mawe, wenzako nao wanainama, na kundi zima mnakikanyagakanyaga kipande cha ardhi ambacho pete yako huenda haikuwahi kukifikia. Haya yalinipata kwenye safu ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Kwa kuwa siku hizi watu wa Dar tumekuwa wapanda milima wa wikiendi, naona heri niyaeleze yalivyokuwa.

Pete yenyewe ni ya fedha, jiwe lake akiki nyekundu iliyokoza. Ilikuwa ya babu mzaa mama, fundi cherehani wa Tanga, mshonaji wa kanzu na makoti. Aliivaa mkono wa kulia, ndio mkono wa mkasi, na fedha ni laini. Miaka yote ile ya kukata vitambaa, kishikio cha mkasi kiliisugua pete kwa upande wa kiganjani mpaka ikalika. Ukipitisha ukucha unahisi kibonde. Kwa jicho hakionekani sana. Babu alikuwa na vidole vinene, mimi vyangu vya kushika kalamu. Sonara mmoja Kariakoo aliwahi kuniambia ataipunguza kwa kukata kipande cha nyuma na kuunga. Kipande cha nyuma ndicho chenye kibonde cha mkasi. Nikamshukuru, nikaondoka na pete yangu ikiwa pana vilevile. Thamani yake ya sokoni niliwahi kuiuliza na sitaiandika hapa, maana hata nauli ya kwenda kuitafuta iliipita.

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024, Uluguru umekuwa kama uwanja wa nyuma ya nyumba zetu. Unatoka kazini Ijumaa, jioni hiyohiyo uko Morogoro, Jumamosi alfajiri uko njiani kwenda juu. Tulifuata ile njia maarufu: unatoka mjini, unapita kwenye mashamba na makazi ya watu mpaka Morningside, lilipo jengo la zamani la Wajerumani, kisha unaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, mpaka kilele cha Bondwa chenye minara ya mawasiliano, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Tulikata vibali, tukapata na kijana mwenyeji wa kutuongoza, mtoto wa mlimani hasa, aliyezaliwa kwenye moja ya vitongoji tulivyopita.

Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6, kwa hiyo kati ya stendi na Bondwa unaacha nyuma karibu nyuzi 10, na hapo hujahesabu ukungu na upepo. Vidole vinaifuata hesabu hiyo bila kukuuliza. Asubuhi, jua linachoma, mikono inaning'inia huku unapanda, vidole vinavimba na pete inabana mpaka unaiona nongwa. Ukiingia msituni, kwenye ukungu, damu inarudi ndani, vidole vinanywea, na pete ileile iliyokuwa inakubana saa tatu inaanza kucheza. Ongeza matope, maji baridi na sabuni, na pete pana haihitaji kusukumwa.

Niligundua jioni, kwenye nyumba za kwanza chini ya mashamba. Tuliketi kwenye benchi la kibanda cha chai, nikafanya kile ninachofanya kila nikitulia, kuizungusha pete kwa kidole gumba, na gumba likakuta ngozi tupu.

Wenzangu waliinama wote. Yule kijana mwenyeji hakuinama. Alisema, "Jamani, kaeni. Kila mtu amwage begi lake hapa kwanza." Tukamwaga. Tukageuza mifuko ya makoti, mikono ya makoti, soksi, mfuko wa maganda ya machungwa, hata kofia ya dada mmoja niliyekuwa nimemwazima. Ana haki yule kijana: vitu vingi vinavyopotea mlimani vinashuka na mwenyewe, vimejificha kwenye mkunjo wa kitu. Yangu haikuwemo.

Kisha akaomba simu zote. Swali la "mara ya mwisho uliiona wapi?" halina faida, kwa sababu mtu haangalii pete yake, anaishi nayo tu, na ukimuuliza atajaza pengo kwa kitu anachodhani. Simu hazidhani. Siku ile kwenye kundi letu zilipigwa picha nyingi mno, na kila picha imeandikwa saa yake. Tukaanza kuzipitia tukitafuta mkono wangu wa kulia na kitu kingine chochote tusikiangalie. Picha ya mlango wa msitu, saa nne na kidogo asubuhi: nimeshika shina la mti, pete ipo, jiwe linaonekana kabisa. Baada ya hapo nimevaa koti, mikono mifukoni. Halafu kileleni, saa saba mchana, picha ya kundi zima aliyoipiga rafiki yangu kwa kunyoosha mkono: nimekumbatia kikombe cha chai ya chupa, mkono wa kulia uko mbele, vidole vitano vimeonekana vyote. Pete hakuna.

Basi ikawa imepatikana nusu. Imeanguka kati ya mlango wa msitu na kilele, wakati wa kupanda. Na kwenye kipande hicho kulikuwa na mahali patatu tu penye sababu: kijito tuliponawa nyuso, uwazi tulipovaa makoti, na mteremko wa mizizi ambapo unapanda kwa mikono na miguu. Nilitaka kurudi wakati uleule na tochi. Kijana akakataa katakata. Jua lilikuwa linazama, njia ya msituni ni utelezi mtupu wa udongo mwekundu na majani mabivu, na yeye, alisema, amewahi kwenda kutafuta watu usiku lakini hajawahi kuambiwa atafute watu waliokwenda kutafuta pete.

Kilichofuata kilinikera. Tukawa tunashuka, na kila nyumba yenye mtu kibarazani kijana anasimama, anasalimia, anawaambia kwamba mgeni wetu huyu amepoteza pete ya fedha ya babu yake, jiwe jekundu, ameipoteza njia ya Bondwa, mkiisikia mnijulishe. Kwenye kibanda cha duka akasimama. Kwa balozi akasimama. Msikiti mdogo ulikuwa unajiandaa kwa Magharibi, akamwambia na mwadhini. Mimi mtoto wa mjini nikamvuta pembeni: huku si ndiko kuwatangazia watu kwamba kuna fedha imelala chini, anayeamka mapema akajiokotee?

Akanitazama kidogo. "Kaka, watu wanapita ile njia kila siku, na macho wanayo. Usipowaambia, atakayeiokota ataokota pete. Ukiwaambia, ataokota pete yako."

Sina hakika kama alikuwa ameliwaza kabla au lilimjia tu, lakini limenikaa. Mimi nilikuwa nimekuja porini. Kichwani mwangu ukishavuka nyumba ya mwisho ya mji hakuna mtu, kuna miti na mandhari. Ile si njia ya pori. Ni barabara ya watu. Saa kumi alfajiri, sisi tukiwa bado tunakoroma hotelini, kina mama wa mlimani wanakuwa tayari wanashuka na karoti, kabichi, njegere na matunda damu kichwani, kwenda kuwahi wanunuzi wa jumla Soko Kuu la Chifu Kingalu. Wanashuka gizani, wanapanda adhuhuri, na jiwe likihama mahali pake wanajua. Kitu changu hakikuwa kimepotea msituni. Kilikuwa kimedondoka kwenye barabara ya mtaa wa watu, na mtu akidondosha kitu mtaani kwa watu, anabisha hodi.

Jambo moja aliniachia kijana bila kuniambia sababu mpaka baadaye. Kila aliposimulia, alitaja fedha na jiwe jekundu, basi. Nilipotaka kuongeza habari ya mkasi akanikanyaga mguu. Alama moja ibaki kwako, asijue mtu, ili akitokea wa kusema ninayo, uwe na la kumuuliza. Nilijiona mjinga kidogo kwa sababu hilo tulisomeshwa chuoni Tanga tukiwa watoto: katika fiqhi, mwenye kuokota kitu cha thamani anatakiwa akijue chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze mwaka mzima, na anayedai ndiye atakiwaye kukieleza. Tuliikariri kama hesabu ya kuzidisha. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mimi ndiye nitakayekuwa upande wa kueleza.

Jumapili asubuhi nikarudi na yeye na rafiki mmoja. Tulipita kwenye mashamba yaleyale chini ya Morningside, kwenye mfereji ambao jana yake jioni tulikuwa tumenawa matope tukishuka. Mama mmoja alikuwa ameinama anachimbachimba ukingo kwa jembe. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba bila kusimama, akaangalia viatu vyetu, akaendelea na kazi yake. Nilifikiria kuuangalia ule mfereji, hata nilipunguza mwendo. Lakini picha ilikuwa imeshasema: saa saba, kileleni, pete hakuna. Tukapita.

Kwenye msitu tulitafuta vizuri, na hili nalisema bila aibu, kwa sababu mbinu zile ni za kweli hata kama siku ile hazikuzaa. Kijana alibeba washa ya chuma, ileile ya fundi, yenye uzito unaokaribia wa pete, akaifunga uzi mwekundu mrefu. Kila penye sababu, aliniambia nisimame nilivyosimama jana, nifanye nilichofanya jana, kisha aliiachia washa kutoka kwenye mkono wangu. Usibahatishe ilipokwenda, iache ikuonyeshe. Penye mizizi iliruka mara mbili ikaingia chini ya shina, mahali ambapo mimi nisingetazama hata kwa kulipwa. Tukachungulia kote ilikoelekea. Tochi tuliitumia mchana, tumeilaza karibu na ardhi, si kumulika kutoka juu, maana mwanga wa pembeni unaliamsha kila linalong'aa chini ya majani. Tuliamsha vifuniko vya soda, karatasi za pipi, betri moja kuukuu. Kisha tuligeuka tukatafuta tukishuka, kwa sababu jani linaloficha kitu kwa anayepanda halimfichi anayeteremka.

Kwenye kijito tulikaa zaidi. Fedha ina uzito wa karibu mara nne ya mchanga wa kawaida kwa ujazo uleule, kwa hiyo maji madogo hayaibebi mbali. Inazama nyuma ya jiwe la kwanza na kukaa hapo. Tukanyanyua mawe moja moja, tukachota mchanga kwa sahani. Rafiki yangu, Mungu ambariki, alikuwa ametoka na sumaku kubwa ya spika aliyoazima kwa fundi redio mjini, akawa anaiburuza kwenye maji kwa kamba kwa imani kubwa. Sumaku haikamati fedha. Nilimwambia. Akasema haidhuru, huenda ikakamata washa.

Njiani kurudi kijana alituonyesha mashamba ya matuta ya ngazi, akatuhadithia kwamba wazee wa hapo waliyakataa. Ni kweli na imeandikwa: serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta yale, na mwaka 1955 watu wakakataa waziwazi, ghasia zikatokea, mpango ukaachwa. Matuta tuliyokuwa tunayaona yamechimbwa baadaye na watoto na wajukuu wa walewale, kwa hiari yao, walipoona yanawafaa. "Huku," alisema, "ukija kwa amri hata maji ya kunywa hupewi." Nilicheka. Wakati huo nilidhani ni hadithi ya wazee tu.

Tukarudi Dar mikono mitupu.

Katikati ya wiki simu ikaita. Sauti ya kiume, nzito, ya kujiamini: pete yako nimeiona, niko mlimani huku, nauli sina, tuma elfu ishirini na ya kutolea nikuletee mpaka stendi. Moyo ulinidunda, sitadanganya. Nikamuuliza, ikoje? "Ya fedha, jiwe jekundu." Sawa, na nyuma ikoje? Akanyamaza. "Nyuma kawaida tu." Nikamwambia aitazame tena vizuri halafu anipigie. Hakupiga. Alama moja iliyobaki kwangu iliniokolea elfu ishirini, na mguu wangu uliokanyagwa nikausamehe.

Ile ya kweli ilikuja siku chache baadaye, na haikuomba hela. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee, anaongea polepole. Alisema kuna kitu kimeletwa kwake, kimefungwa kwenye kipande cha kanga, na anataka nimweleze kitu hicho kabla hajasema lolote. Nikaeleza fedha, nikaeleza akiki, akawa anaguna tu. Nikamwambia, "Mzee, pitisha ukucha wako upande wa chini, wa kiganjani. Pamelika. Babu yangu alikuwa fundi cherehani, pamelika kwa mkasi." Nikasikia kimya, na kwa mbali sauti ya mwanamke ikiuliza anasemaje. Kisha mzee akasema, "Njoo uichukue."

Ilikuwa imeokotwa kwenye ule mfereji. Chini ya Morningside, mashambani, mbali kabisa na msitu tulioupekua.

Usiku ule nilirudi kwenye simu, kwenye ile picha ya kileleni, na nikaitazama mpaka nikaona. Rafiki yangu alikuwa amevaa fulana yenye maandishi, na maandishi yalikuwa yamegeuka, yanasomeka kinyume. Kamera ya mbele. Simu yake inahifadhi picha kama kioo, kulia kunakuwa kushoto. Mkono ule uliokumbatia kikombe, vidole vitano vimeonekana vyote, ulikuwa wa kushoto, ambao tangu nizaliwe haujawahi kuvaa pete. Wa kulia ulikuwa nyuma ya kikombe, na pete yake, salama salimini, ikinywa chai pamoja nasi. Kwa hiyo ukitumia picha kama ushahidi, na utumie, maana sijaona njia bora ya kuufupisha mlima, kwanza tafuta kwenye picha hiyohiyo kitu chenye maandishi: kofia, fulana, kibao cha njia. Kama hayasomeki, badilisha mikono kichwani mwako kabla ya kubadilisha mahali pa kutafuta.

Mambo mengine yote yalikuwa sawa, baridi, maji, vidole kunywea. Ila yalitokea jioni, tukishuka. Tulikuwa tumejaa matope mpaka magotini, mmoja wetu akatoa kipande cha sabuni, tukaingia kwenye mfereji tukanawa mikono na viatu. Pete ikatoka na povu.

Jumamosi nikapanda tena. Nilichukua elfu hamsini, ndiyo zawadi tuliyokuwa tumeitangaza, nikaiweka kwenye bahasha. Kwa mwenyekiti nilimkuta mama yule niliyemwamkia Jumapili, yuleyule wa jembe, amekaa kwenye kigoda na kiroba cha karoti pembeni. Mzee alinipa pete mbele ya balozi na kijana wetu, nikaipitisha ukucha, nikaivaa. Nikampa mama bahasha kwa mikono miwili, nikamshukuru kwa maneno yote niliyoyajua. Akaifungua, akazihesabu bila haraka, akazifunga kwenye upindo wa kanga.

"Hii ni ya pete," akasema. "Haya, na mfereji wangu?"

Sikuelewa. Akamgeukia mwenyekiti, akazungumza Kiluguru kwa muda mrefu kiasi, mzee akitikisa kichwa, kijana wetu akiangalia chini. Kisha nikatafsiriwa. Jumamosi ile tuliponawa, kundi zima tuliingia na viatu, tukasimama kwenye ukingo wa udongo, ukingo ukabomoka. Maji yote yakamwagikia bondeni usiku kucha. Tuta la njegere halikupata maji, na siku zile ilikuwa zamu yake ya maji. Ikishapita inakwenda kwa jirani. Jumapili nilipompita pale ndipo alikuwa anauziba. Aliujua ule ubomokaji ni wa nani kwa sababu alama za viatu zilikuwa kwenye udongo, na akatazama viatu vyetu, na sisi tukamwamkia tukapita. Pete aliipata siku nyingine, akilitoa tope lililojaa kwenye mfereji kwa sababu ya kubomoka kule. Kijana wetu alikuwa ameshamwambia habari ya pete tangu Jumamosi. Kwa hiyo alijua ni yangu tangu ilipogonga jembe, na alijua pia kwamba ananidai.

Nilimuuliza ningefanya nini. Nilitegemea ataje kiasi. Akasema pesa ya njegere hawezi kuijua mpaka zivunwe, lakini ukingo bado ni udongo mtupu, mvua ikija utaondoka, na mawe yapo kule juu kwenye korongo, na yeye mgongo unamsumbua.

Basi tukabeba mawe. Mimi, kijana wetu, na rafiki yangu wa sumaku niliyempigia simu akiwa bado hotelini. Mama alikaa juu yetu na jembe, anatuonyesha: lile kubwa chini, lile bapa lilaze hivi, acha pengo hapo, maji yasipopata pa kupumua yatajitafutia. Hili la mwisho lilitushinda mara kadhaa, akashuka akalitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimeivua pete nikaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kwa pini, na yeye aliona, akacheka kwa mara ya kwanza. Akatuambia kwamba maji yale yakitoka kwake yanashuka mpaka Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo tunayoinywa Dar, kwa hiyo tukinawia viatu pale tunajinywea wenyewe.

Tulipomaliza akatupa karoti, nyingi kuliko tulizoweza kubeba, na akakataa kuzilipwa. Nikamwambia tutarudi na kundi mwezi ujao.

"Karibuni," akasema. "Ila mkinawa, nawieni kule chini penye bomba. Na wewe wa pete, uje kwanza kunisalimia, nikuoneshe pa kupita."